Futi Sitini Badala ya Ngazi Nane

Ushirika wa Wakulima wa Kahawa wa Riamanyinga,
Juu kidogo ya Kiogoro,
Kisii.

Alhamisi, 14 Juni 1973

Kwa Bwana Shueib Gulled,
Afisa wa Majengo,
Kisii Mjini.

Ndugu Afisa,

KUH: MTEREMKO UNAOTUDAI MBELE YA KIWANDA CHETU, NA SABABU ZA KUTUSAMEHE

Pokea salamu zangu, na za kamati, na za wanachama mia nne na kumi na saba ambao hawajui kwamba nakuandikia. Sisi huku juu tu wazima. Mvua inanyesha kila siku saa tisa kama kawaida yake, kahawa inaiva vizuri, na hakuna anayeumwa isipokuwa mweka hazina wetu, naye ni magoti tu. Ningependa kuishia hapo, maana hizo ni habari njema tupu, lakini kuna jambo.

Mimi ni Ombui Nyasani, katibu wa ushirika huu. Nimeamriwa na kamati nijibu barua yako ya tarehe ishirini na tatu Mei, ile uliyosema kwamba kwa kuwa tunakarabati jengo la zamani la kiwanda, hutatupa kibali cha kulifungua mpaka liwe na mlango mmoja ambao mtu anaweza kuufikia bila kupanda ngazi. Ukaeleza kwamba njia hiyo isiinuke zaidi ya futi moja katika kila futi kumi na mbili za urefu, iwe na reli ya kushika, na mahali bapa pa kupumzikia. Ukaambatisha mchoro. Mchoro ni mzuri sana na tumeubandika ukutani, lakini hatuutaki.

Kabla sijaorodhesha malalamiko, niruhusu nikanushe jambo moja. Unasema tunakarabati. Hatukarabati. Jengo hili lilijengwa mwaka wa 1948 na mfanyabiashara wa ngozi, ambaye aliinua sakafu futi tano kutoka ardhini ili ngozi zitoke mlangoni ziingie kwenye lori bila mtu kuinama. Sisi tulilikuta hivyo, tukalipenda, tukabadilisha paa. Kisha tukabomoa ukuta wa mashariki kwa sababu haukupatana na paa jipya. Ukuta wa magharibi ulianguka wenyewe, nadhani kwa upweke, na hatuwezi kulaumiwa kwa hilo. Sakafu tuliimwaga upya kwa ajili ya harufu, madirisha tukaongeza manne, na vyumba viwili tukavifanya kimoja ili meza za kuchambulia kahawa zipate nafasi. Basi, ni hayo tu. Ngazi hatukuzigusa hata kwa ufagio. Kwa hiyo jengo ni lile lile la mwenye ngozi, na masharti ya majengo yanayokarabatiwa hayatuhusu kabisa.

Hata hivyo, kwa kuwa sisi ni watu watiifu, tulimwita fundi Nyangau kutoka Suneka akatujengea mteremko wa mbao wa majaribio, akifuata mchoro wako inchi kwa inchi, ili tuuonje kabla ya kuumwagia zege. Umesimama hapo wiki mbili. Mambo yaliyotupata katika wiki hizo mbili ni haya.

La kwanza ni urefu. Ngazi zetu ni nane, kila moja inchi saba na nusu, jumla futi tano. Kwa kanuni yako, futi tano za kwenda juu zinataka futi sitini za kwenda mbele. Ua wetu una futi arobaini na mbili kutoka mlangoni hadi barabarani. Tungeunyoosha, mteremko ungevuka barabara na kuishia katikati ya akina mama wauza ndizi, na mkulima anayeleta kahawa angelazimika kuanza safari kwa kununua mkungu. Mchoro wako unaupinda: futi thelathini kuelekea kwenye mkaratusi ulio uani, kituo bapa, kisha futi thelathini kurudi mlangoni. Mimi hesabu naijua, Ndugu Afisa, na sibishani na jumla. Naomba kuuliza tu, mtu mwenye akili timamu anayetaka kuingia mlangoni, kwa nini aanze kwa kuupa mlango mgongo?

La pili ndilo zito, na naomba ulisome ukiwa umeketi.

Huenda wewe ukiziona ngazi zetu unaona saruji. Sisi tunaona katiba. Siku ya mkutano mkuu wanachama husimama uani, na kamati husimama ngazini. Mwenyekiti yuko ngazi ya nane, juu kabisa, mgongo wake ukigusa mlango. Makamu wake ni wa saba, mweka hazina wa sita, na katibu, yaani mimi, ni wa tano. Wanakamati wengine wanne hujipanga kuanzia ya nne hadi ya kwanza kwa kufuata miaka waliyotumikia. Hakuna aliyeiandika desturi hii popote. Ilianza mwaka wa kwanza kwa sababu uani kulikuwa na matope na kila mmoja alitaka kuwa mbali nayo. Lakini leo ndiyo inayotutambulisha. Nikipita sokoni Kiogoro watu huniita Wa Tano, na naitika. Mke wangu Gesare akienda mtoni kuteka maji hupishwa na wake wa ngazi nne za chini, naye huwapisha wale watatu wa juu, na ndoo zinajaa bila ugomvi. Niambie ni serikali gani imewahi kuleta utaratibu kama huo mtoni.

Mimi mwenyewe nilianza ngazi ya pili, mwaka wa 1962. Imenichukua miaka kumi na moja kupanda ngazi tatu. Sasa mweka hazina wetu, Mzee Onyancha, anastaafu mwezi wa Desemba kwa sababu ya magoti yale niliyoyataja, na kila mtu anajua ni nani anayefuata ngazi ya sita. Nimekwisha kushonesha koti. Ndipo unapotokea wewe na mteremko! Kwenye mteremko mtu anasimama wapi? Tulijaribu. Jumanne ya wiki jana tulijipanga juu ya mbao kwa mazoezi, tukapimana kwa kamba. Kati yangu na mtu wa ngazi ya nne palikuwa na tofauti ya inchi nne tu, na kwa kuwa yeye ni mrefu, akanizidi. Mwenyekiti, ambaye Mungu hakumpa urefu, alipotea kabisa nyuma ya makamu wake, tukawa tunasikia hotuba bila kumwona mwenye hotuba. Kisha, kwa kuwa mbao zilikuwa zimelowa mvua na makamu alikuwa na viatu vipya, akaanza kuteleza. Hakuanguka. Aliteleza polepole, amesimama wima, mikono nyuma, uso wa heshima, akatupita sote mmoja baada ya mwingine hadi chini kwa wanachama, na kwa kuwa hakutaka kukiri kwamba ameteleza, akabaki huko chini akiwasalimia kwa mikono kana kwamba ndicho alichoendea. Tangu siku hiyo kuna watu wanaosema ndiye kiongozi pekee anayewashukia wakulima. Mwenyekiti hali chakula.

La tatu ni Bi Persis Nyangate, ambaye nadhani ndiye aliyekuletea habari zetu, ingawa anakana.

Namtaja kwa heshima. Miguu yake ilipooza akiwa na umri wa miaka minne, na huenda kwa kigari cha magurudumu matatu alichoundiwa na fundi huyo huyo Nyangau kutokana na baiskeli mbili, akikiendesha kwa mikono. Katika kuchambua kahawa hana wa kumlinganisha naye. Akiingiza mkono kwenye gunia na kuutoa, atakuambia kama kahawa ilianuliwa kabla ya mvua au baada, na kama mwenye shamba alikuwa na haraka. Kwa miaka sita amechambulia uani, chini ya ngazi, kwenye hewa safi na jua zuri. Mvua ya saa tisa ikija tunampelekea gunia la kujifunika, tena la nailoni.

Miaka miwili iliyopita akina mama wa upande wa chini walimchagua kuwa mwanakamati wa tisa. Tulifurahi sana. Kwa bahati mbaya ngazi ni nane. Basi amekuwa mwanakamati wa uani. Kamati ikikutana chumbani huku juu, yeye hukaa nje chini ya dirisha, mimi humpigia kelele kila ajenda, naye hunijibu kwa kelele, na hakuna aliyelalamika isipokuwa yeye. Tatizo dogo ni kura. Kanuni yetu inasema kura ni mkono ulioinuliwa na kuonekana na katibu. Kutoka kwenye kiti changu, mkono wa mtu aliye chini ya dirisha hauonekani. Si kosa langu, dirisha ndilo lililo juu. Kwa hiyo kwa miaka miwili nimeandika katika kumbukumbu: Bi Persis Nyangate, hakuonekana. Tulimpa suluhisho, kwamba wapagazi wanne wambebe na kigari chake hadi juu kila mkutano. Akakataa. Alisema maneno haya, nami niliyaandika: "Katibu, mimi si gunia ya kahawa. Gunia ikifika juu inapimwa, inaachwa hapo. Mimi nataka kufika juu nikiwa na maneno."

Unaona basi mambo yalivyo. Ukitulazimisha kumwaga zege, atapanda kila Alhamisi kamati ikikutana na mkono wake utaonekana. Ile meza mpya iliyo karibu na dirisha, yenye mwanga mzuri kuliko zote, ataitaka, na hakuna atakayeweza kusema hastahili. Ukitusamehe, mbao zitang'olewa, yeye atabaki uani alipo, na sisi sote tutabaki tulipo. Ni jambo rahisi. Kwa kuzingatia haki, mwenyekiti aliamuru kwamba katika wiki hizi mbili za majaribio mteremko utumiwe na kila mtu isipokuwa Bi Persis, ili matokeo yasiharibike.

La nne ni wapagazi. Tulikuwa nao wanne wa kupandisha magunia, watu wa shingo nene na maneno machache. Siku ya tatu ya majaribio, mjane mmoja, Bi Bonareri, alifika na gunia lake kwenye wilbaro. Akazitazama ngazi. Akautazama mteremko. Akasukuma, akaingia ndani peke yake akiimba wimbo wa kanisani. Siku hiyo wilbaro ilikuwa moja. Kufikia Ijumaa zilikuwa kumi na tisa, foleni hadi barabarani, na nyingine zimepakwa rangi. Wapagazi sasa hukaa kivulini wakifikiri. Wewe mtu wa mjini huenda huoni hatari iliyopo hapo. Katika wiki moja wamekwisha kufikiria mambo matatu, na la tatu linahusu kamati.

La tano: watu wanaingia. Zamani walioingia kiwandani walikuwa wenye nguvu na wenye shughuli. Wazee waliishia uani, na habari za ndani waliletewa na mimi, zikiwa zimepangwa vizuri. Sasa Mong'ina Tryphosa, bibi wa miaka themanini na ushei ambaye hajawahi kuvuka ngazi ya kwanza, alipanda taratibu na mkongojo wake, akapumzika kituoni, akapanda tena, akaingia, akavuta kigoda akaketi mbele ya mizani. Akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto: "Hii mshale inalala wapi kama hakuna kitu juu yake?"

Tukatazama. Ulikuwa umelala ratili tatu chini ya sifuri. Mpimaji wetu alisema ni baridi. Kamati ilikubali haraka kwamba ni baridi. Wanachama walikataa, kwani ilikuwa saa sita mchana na wengine walikuwa wamevua makoti. Mizani imekwisha kutengenezwa, na sasa kila gunia lina uzito wake wote, jambo ambalo limewachosha sana wanaoinua. Mong'ina huja kila siku. Anasema hajawahi kuona mahali pazuri pa kukaa kama hapo, na ameanza kutazama saa ya ukutani.

La sita ni mbuzi. Sitalieleza sana. Alipanda, akaingia mkutanoni, akala ajenda ya nne. Tuliendelea na ya tano.

La saba ni kile kituo bapa cha kupumzikia. Futi tano kwa futi tano, ndivyo mchoro usemavyo. Ndugu Afisa, umewahi kuwapa watu wa hapa mahali pa kusimama bila kazi? Pamekuwa mji. Kuna mtu ananyolea watu hapo. Kuna anayeuza karanga. Wazee wawili ambao hawajasemezana tangu walipogombania mpaka wa shamba walikutana pale, mmoja akipanda na mwingine akishuka, na kwa kuwa umeweka reli pande zote mbili hapakuwa na pa kukwepea. Wakalazimika kusalimiana. Sasa hawanyamazi, na mpaka wenyewe wameuhamisha wakapanda migomba katikati, jambo ambalo limewakosesha kazi mashahidi sita. Zaidi ya hayo, mchambuzi wetu mmoja, binti Nyamusi, ambaye miguu yake ni mizima kuliko ya kwangu, alipumzika kituoni kila asubuhi kwa siku tisa. Siku ya kumi fundi Nyangau, ambaye huja kila siku kukaza misumari, akamwambia neno, naye akakubali. Yeye ni wa Sabato na fundi ni Mkatoliki, kwa hiyo arusi haitafanyika Jumamosi wala Jumapili. Tumeombwa ukumbi wa meza za kahawa kwa siku ya Jumatano. Mimi niliajiriwa kuandika habari za kahawa, Ndugu Afisa, na jana niliandika orodha ya wageni na idadi ya kuku.

La nane ni hili. Jambo hili linaenea. Wazee wa kanisa wamemuuliza fundi kama ana mbao zilizobaki. Mwenye duka la vitambaa sokoni amemwaga kifusi mlangoni pake akakisawazisha, na sasa wanaingia wateja ambao miaka yote alikuwa akiwapungia mkono tu. Kesho itakuwa shule. Keshokutwa zitakuwa ofisi za serikali. Nakuambia hili kwa siri: nilipoleta fomu zetu mjini, nilihesabu ngazi za ofisi yako. Ni kumi na nne. Kwa inchi saba na nusu kila moja, hizo ni futi nane na inchi tisa, ambazo kwa kanuni yako mwenyewe zinataka mteremko wa futi mia moja na tano, utakaopita kwenye bustani yako ya maua, uzunguke mlingoti wa bendera, na kuishia karibu na stendi ya mabasi. Sijamwambia mtu. Lakini Bi Persis anaijua hesabu hiyo, kwa sababu mimi nilipata tisini na nane na yeye ndiye aliyenisahihisha.

Na watu wakishazoea, watainua macho. Nchi yetu hii yote ni kilima juu ya kilima. Mtu wa Kiogoro akienda Nyamira kumwona shemeji yake hushuka mara tano na kupanda mara sita, na hajawahi kuuliza kwa nini. Siku moja atauliza. Atataka kujua ni nani aliyepima miinuko hii, na kama alikuwa na kibali. Tutaanza kusawazisha, futi moja kwa kumi na mbili, mpaka Kisii nzima ilale chali na kujinyoosha hadi ziwani, na jirani zetu wa huko wataamka asubuhi watukute tumeketi sebuleni kwao, tukiomba chai.

Kwa sababu hizo nane tunakuomba utusamehe mteremko na utupe kibali chetu. Lakini kwa kuwa hatupendi kulalamika bila kuleta ushauri, kamati imebuni njia tatu badala yake.

Njia ya kwanza, jengo zima lishushwe futi tano. Fundi anasema inawezekana tukilichimbia, ila mlango utafunguka kwa shida.

Njia ya pili, Bi Persis apewe bendera yenye mti mrefu. Akipiga kura, aiinue hadi dirishani, nami nikiiona nitaihesabu kama nusu.

Njia ya tatu ni yangu mwenyewe na naiona bora kuliko zote. Udongo ujazwe uani kidogo kidogo, kuanzia kule barabarani, ukiinuka polepole bila mtu kushtuka, mpaka ufikie kizingiti cha mlango. Ushindiliwe uwe mgumu. Kandokando uwe na ukingo ili watu wasidondoke. Kwa kuwa ua ni mfupi itabidi upindwe mara moja kwenye mkaratusi, na hapo penye kona tunaweza kupasawazisha kidogo ili mtu avute pumzi. Hapo hakutakuwa na mteremko wowote, Ndugu Afisa, bali udongo tu.

Nakuacha na kazi zako nyingi. Nisalimie mama watoto, Bi Asli, ambaye siku ile nikikungoja alinitumia chai ya tangawizi mpaka barazani bila kunijua. Nisalimie na karani wako mwenye mwandiko mzuri, na askari wa langoni aliyenishikia mwavuli nilipokuwa nikihesabu zile ngazi, na yeyote mwingine hapo mjini ambaye ana jamaa huku. Gesare anakusalimu. Mzee Onyancha naye anakusalimu kutoka kituoni, ambapo amekaa tangu asubuhi akisema anaukagua mteremko.

Mimi ninayelalamika bila kinyongo,

Ombui Nyasani
Katibu, Ngazi ya Tano

Baada ya sahihi:

Ndugu Afisa, uliyoyasoma hapo juu usiyajali. Kamati imekataa barua hii. Nimeagizwa nikuandikie nyingine, ya kukuomba mteremko umwagwe zege kabla ya mavuno makubwa, kama ulivyouchora, ila kituo kiongezwe futi moja ili vigari viwili viweze kupishana. Lakini karatasi za ushirika zimekwisha na hii ndiyo ya mwisho, kwa hiyo ombi rasmi ni hili hapa chini ya sahihi, na mhuri nimeupiga huku.

Ilikuwa hivi. Kwetu barua haitoki mpaka isomwe kwa sauti mbele ya kamati. Nimeisoma leo saa nane. Nilikuwa nimefika kwenye la pili niliposikia magurudumu juu ya mbao. Sote tulijua ni nani, na sote tulijua hakuruhusiwa, na hakuna aliyeinuka kumrudisha. Sauti ile ilichukua muda mrefu. Futi thelathini, kimya kidogo, halafu futi thelathini nyingine. Sikuweza kuendelea kusoma. Bi Persis akaingia akitokwa na jasho, akasema, "Mnisamehe, wazee. Nimechelewa miaka mbili."

Akasogeza kigari hadi dirishani. Akatazama chini, pale anapokaa mikutano ikiendelea, palipo na gunia lake la nailoni. Alipatazama kama mtu anayepaona mara ya kwanza. Kisha akanigeukia. "Soma tu, Katibu."

Nikasoma. Kwenye makamu alicheka mpaka akashika mbavu, na makamu mwenyewe akacheka. Kwenye mbuzi alilia machozi. Lakini la tatu lilikuja kati ya hayo mawili, na hapo hakucheka, na mimi ilinibidi nisome kwa sauti kwamba hakuonekana, yeye akiwa hatua mbili kutoka mezani pangu, viganja vyake vimechubuka kwa kupanda. Niliona haya, Ndugu Afisa. Nimeandika kumbukumbu za ushirika huu miaka minne nikidhani naandika ukweli.

Tulipiga kura. Waliotaka barua itumwe walikuwa mwenyekiti, makamu, na watu wa ngazi ya nne na ya pili: wanne. Waliokataa walikuwa Bi Persis, Mzee Onyancha, na watu wa ngazi ya tatu na ya kwanza: wanne. Mwenyekiti akasema zimelingana, na zikilingana uamuzi ni wake. Nikamwomba angoje, maana kuna mkono mmoja ambao bado haujahesabiwa. Wote wakageuka kuutafuta. Ulikuwa wangu, na ulikuwa juu tangu Bi Persis alipoinua wake.